Naomba ushauri: mimi AS, mchumba wangu naye AS

Habari za jioni wakuu. Mimi niko Moshi, mchumba wangu ni mtu wa Muheza. Tumepima damu kabla ya ndoa na wote tumekutwa AS, yaani kila mmoja amebeba kinasaba kimoja cha selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi), ingawa hatuumwi chochote.

Shangazi anasema tusihangaike, damu hiyo ni kinga ya malaria. Nimefuatilia, hajakosea sana. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954 kwa tafiti alizofanya huku Afrika Mashariki. Mwenye AS anaumwa na mbu na kuambukizwa kama wengine, ila malaria kali, ile inayoua watoto, humpata kwa nadra zaidi. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeenea maeneo yenye malaria nyingi. Lakini shangazi anaruka kipande kimoja: kinga hiyo ni ya AS. Mtoto akirithi kinasaba hicho pande zote mbili anakuwa SS, mgonjwa wa selimundu, na kwake malaria ni hatari kubwa. Kwetu sisi, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuwa hivyo, hata kama aliyetangulia ni mzima.

Mlio kwenye ndoa ya namna hii, mliamuaje kuhusu watoto? Mlimpima mtoto akiwa na umri gani? Na kwa Moshi au Arusha, ushauri wa vinasaba mliupata wapi, bima ililipa?

Wa “achana naye”, samahani, mahari imeshapokelewa na simwachi.