Ushauri: Marehemu baba ametuachia maktaba ya CD za filamu, tuzifanye nini?

BintiNgamiani aliandika:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo huenda wengine mkaliona dogo, lakini nyumbani kwetu limekwisha kuzua maneno.

Marehemu baba yangu alikuwa na maktaba ya kukodisha filamu hapa Tanga tangu enzi za mikanda ya video hadi mwaka 2017, alipoacha kufungua mlango kwa sababu wateja walikuwa wamebaki watatu, nao ni wazee wenzake waliokuja kupiga soga. Alifariki mwaka jana. Sasa chumba kinatakiwa, kwani mdogo wangu amepata mpangaji wa saluni na kodi yake tunaihitaji. Nimezihesabu CD zote kwa siku mbili zikafika 1,430. Kama 600 ni filamu za hapa nyumbani, karibu zote VCD. Kama 500 ni za Kimarekani, Kihindi na Kichina. Zilizobaki ni za kutafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili, pamoja na chache nisizozitambua kwa kuwa makava yake yameliwa na mende.

Mdogo wangu anasema tuzichome moto, maana kila kitu siku hizi kimo ndani ya simu. Mnunuzi wa chakavu alikuja, akazitazama, akataka makasha matupu tu. Roho yangu inasita. Je, zina thamani yoyote? Nikitaka kuzihamishia kwenye kompyuta nianzie wapi, na sheria inasemaje?

Mtoro wa Ohio alijibu:

Pole sana kwa msiba, dada. Nikuanzie na hizo 500 za nje, kwa sababu nimeishi Marekani miaka mingi na nimeona zilivyoanguka huku zilikotoka. Netflix, ambayo wengi hudhani ilizaliwa ndani ya intaneti, ilianza kwa kutuma DVD kwa posta, na bahasha zake nyekundu za mwisho zilitoka tarehe 29 Septemba 2023. Blockbuster, kampuni ya kukodisha filamu, ilikuwa na maduka takriban 9,000 mwaka 2004. Ikafilisika mwaka 2010, na leo limebaki duka moja katika mji wa Bend, Oregon, ambalo watu huenda kupigia picha. Best Buy, maduka makubwa ya vifaa vya elektroniki, iliacha kuuza filamu za diski mwaka 2024. Katika maduka ya mitumba huku, DVD halisi ikiwa ndani ya kasha lake huuzwa kwa bei ya soda. Kwa hiyo usitegemee kwamba nakala ya filamu ya Hollywood, tena iliyochomwa mtaani, itakupa hata nauli ya daladala.

Hata hivyo, mwambie mdogo wako kwamba hilo la kila kitu kuwamo kwenye simu si kweli. Nilinunua filamu kadhaa kwenye duka moja la mtandaoni, nikalipa kamili, na siku moja mbili kati yake zikatoweka kwa sababu mkataba wa duka na mwenye filamu ulikwisha. Nilichokuwa nimenunua ni ruhusa ya kutazama. Jimbo la California limelazimika kutunga sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2025, inayowataka wauzaji wa namna hiyo wamweleze mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni tu.

Mzee wa Kariakoo alijibu:

Mwanangu, nimeuza CD Kariakoo kwa miaka tisa, basi nisikilize kwa makini. Hizo 600 za hapa nyumbani usiziguse kwa kiberiti.

Biashara ya filamu za Kibongo ilikuwa hivi: mtayarishaji alimaliza kazi yake, akaipeleka kwa msambazaji, wakapatana bei, na mara nyingi aliuza moja kwa moja, haki na mkanda mama, yaani nakala asili, pamoja. Msambazaji ndiye aliyechapisha VCD na makava, akazipeleka mikoani kwa mabasi. Filamu iligawanywa sehemu mbili kwa sababu VCD hubeba dakika 74 hivi, na kwa sababu, tuseme ukweli, mteja aliyenunua ya kwanza angerudi kununua ya pili. Mwaka 2013 zikaja stempu za kodi za TRA, zile za kubandika kwenye kasha, na wengi tuliamini kwamba wezi wa kazi za watu wamekwisha. Kilichofuata ni flashi. Kijana alikuja na flashi moja, akajaziwa filamu 20 kwa bei isiyofika ya CD moja halali, na stempu ya kubandika kwenye flashi haipo.

Wasambazaji walipofunga maduka, mikanda mama ilikwenda wapi? Mimi niliona kompyuta ya mmoja wao ikiuzwa kwa fundi pamoja na kila kilichokuwa ndani yake. Za Kanumba utazipata YouTube, maana jina lake lina watazamaji hata leo. Lakini wale wasanii wa mikoani waliotoa filamu mbili tatu wakarudi kulima, kazi zao usishangae zikiwa zimebaki kwenye rafu kama hiyo ya baba yako. Hata zile za kutafsiriwa usizidharau: filamu yenyewe ni ya Hong Kong na ipo duniani kote, ila sauti ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, ikiipigia porojo haikuhifadhiwa na studio yoyote.

Kipimo alijibu:

Nitatofautiana nanyi kidogo. Familia inahitaji kodi ya chumba, na thamani ya utamaduni hailipi ada ya shule. Chagueni 50 za kumbukumbu ya mzee, nyingine ziondoke.

Fundi Deki alijibu:

Ndugu Kipimo, tatizo lako ni nafasi, na nafasi ndiyo rahisi kuliko yote. VCD moja ina data isiyozidi MB 800, hivyo 600 hazifiki hata GB 500. Diski ya nje ya TB 1 inazimeza zote. Nunueni mbili, moja ikae nyumba nyingine.

Dada, kwanza zitenganishe kwa kuzigeuza. Yenye rangi ya fedha chini imechapishwa kiwandani na inaweza kudumu. Yenye rangi ya kijani au buluu imechomwa kwa kompyuta, rangi hiyo ndiyo inayobeba picha, na joto na mwanga huila. Anza na hizo za kuchomwa, kwa sababu kila masika yanayopita yanapunguza. Usizifute kwa kuzungusha. Tumia kitambaa laini chenye maji kidogo, kutoka katikati kwenda ukingoni.

La pili ni kosa wanalolifanya watu waangalifu kabisa. Bila shaka mzee alibandika namba juu ya kila CD. Usizibandue! Kwenye VCD, utando wa alumini umelala juu kabisa, chini ya rangi nyembamba ya maandishi, na karatasi ya gundi ikivutwa hung'oka nao. Hapo utaona mwanga ukipenya, na filamu imekwenda. DVD ni imara zaidi kwa kuwa utando wake umebanwa katikati ya plastiki mbili.

Kuhamisha kwenyewe ni kazi ya subira. Fungua VCD kwenye kompyuta, ingia folda ya MPEGAV, nakili faili lenye mwisho wa DAT, kisha lifungue kwa VLC, programu ya kuchezea video. Kwa DVD nakili folda nzima ya VIDEO_TS. CD ikigoma, ijaribu kwenye kisomeo kingine kabla ya kukata tamaa, kwa sababu visomeo havifanani macho. Kompyuta mpya nyingi hazina kisomeo, basi nunua cha nje cha USB sasa, kingali kinapatikana.

Wakili Mstaarabu alijibu:

Kwa ufupi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda kazi hizi bado. CD ni mali yenu, filamu iliyomo si yenu. Msizipandishe YouTube, msiuze nakala, na zile za kutafsiriwa msizitangaze kabisa, kwa kuwa mwenye filamu hakuombwa ruhusa tangu mwanzo. Iandikieni Bodi ya Filamu, pia idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, mwaambatanishie orodha. Orodha yenye jina, mwaka, msambazaji na picha ya kava itawafanya wakujibu haraka kuliko barua ya huruma.

BintiNgamiani aliandika, baada ya siku 12:

Nawashukuru nyote. Fundi, namba zipo kweli, na nilikuwa nimekwisha kubandua saba kabla ya kusoma maneno yako, nne zimetoboka. Mdogo wangu ameafiki CD za nyumbani na za kutafsiriwa zihamie chumbani kwangu, na zile 500 nimemwachia yeye. Mpaka jana usiku nimenakili 83.

Katika kupanga nimepata daftari la baba la wakodishaji: tarehe, namba ya CD, jina, shilingi 500, na alama ya vema kwa aliyerudisha. Nina filamu 31 zenye sehemu ya kwanza bila ya pili, na 9 kati yake daftari linaonyesha zilichukuliwa bila kurudishwa. Mmoja ni jirani yetu, mama mtu mzima, aliyeazima mwezi Juni 2012. Nilimwendea juzi kwa aibu. Aliingia ndani, akatoka na CD iliyofungwa kwa kanga, akaniuliza kama baba aliwahi kumlalamikia.