Ushauri: London ilijiandaaje na machafuko ya Kenya kabla ya Oktoba 1952?

Mwanagenzi
Wakuu, habari zenu. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu maandalizi ya serikali ya Uingereza kabla Hali ya Hatari haijatangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Msimamizi amenirudishia sura ya pili, anasema nimeeleza vita lakini sijaeleza mpango. Anataka aone nani aliamua nini, lini, kwa sheria ipi, kwa askari wa kutoka wapi, na kwa nini mpango ule haukuzima uasi wa Mau Mau. Nianzie wapi? Na faili zipi zinabeba mambo haya? Natanguliza shukrani.

MzeeWaMasjala
Mkuu, wengi hukwama hapo kwa sababu huanzia msituni, na mpango ulianzia mezani. Tenganisha vitu vitatu ambavyo kila kimoja kilikwenda kwa mwendo wake: sheria, orodha ya watu wa kukamatwa, na askari.

Sheria ilikuwepo miaka 13 kabla. Amri ya Mfalme katika Baraza ya 1939 kuhusu mamlaka ya dharura ilikuwa kabatini tayari. Gavana akitoa tamko tu, anapata uwezo wa kutunga kanuni bila kupita kwenye Baraza la Kutunga Sheria: kuweka watu kizuizini bila kesi, kufungia magazeti, kuzuia watu kutembea usiku. Kwa hiyo usiandike kwamba London ilitunga sheria mpya Oktoba 1952. Kilichokosekana ni ridhaa ya kisiasa ya Waziri wa Makoloni, Oliver Lyttelton, na wenzake wa Baraza la Mawaziri.

Ndipo utaelewa ile miswada iliyopitishwa Nairobi mwishoni mwa Septemba 1952. Ilikuwa jaribio la kubana bila kutangaza. Kutangaza Hali ya Hatari kulikuwa na gharama: kunakiri mbele ya Bunge la Uingereza, mbele ya wenye mitaji na mbele ya walowezi kwamba utawala wa kawaida umeshindwa. Maofisa waliiogopa aibu hiyo kuliko walivyouogopa uasi wenyewe, na hilo linaonekana katika kusitasita kwao kwa mwaka mzima. Sura yako iupe uzito ubishi huu, maana ndipo mpango ulipochelewa.

Binti_Kirinyaga
Naongezea tarehe, kwa sababu pengo kubwa liko hapo. Gavana Philip Mitchell aliondoka Juni 1952. Mrithi wake, Evelyn Baring, alikuwa ameumia mkono kwa shoka, akafika Nairobi mwishoni mwa Septemba. Kwa zaidi ya miezi mitatu koloni liliendeshwa na kaimu, Henry Potter. Kaimu anaweza kuandika barua za kuonya, lakini si rahisi aombe askari na tamko wakati gavana mpya yuko njiani.

Tarehe 7 Oktoba Chifu Waruhiu akapigwa risasi mchana kweupe, nje kidogo ya Nairobi. Siku mbili tatu baadaye Baring akaiomba London ruhusa, na katikati ya mwezi ruhusa ikatoka. Yaani barua zilizozungushwa tangu Agosti zilipata jibu ndani ya wiki moja baada ya mauaji ya mtu mmoja mashuhuri. Ukiweka jedwali la tarehe kwenye sura yako, weka safu mbili: siku jambo lilipotokea Kenya, na siku ofisa wa London alipoliona kwenye faili. Umbali kati ya safu hizo ndiyo hoja yako.

Kombania_B
Kwenye askari kuwa makini, wengi wanakosea. Kwa nini tamko halikutoka siku ile ile ruhusa ilipofika? Kwa sababu tamko na ukamataji vilitakiwa viende pamoja. Ukitangaza kwanza, walio kwenye orodha wanatoweka. Ukikamata kwanza, huna mamlaka ya kuwaweka ndani bila kesi. Na ukifanya yote mawili bila askari wa akiba, unabaki na polisi wachache kama mji ukilipuka asubuhi.

Kwa hiyo saa ya kuanza iliamuliwa na ndege. Kikosi cha kwanza cha Lancashire Fusiliers, askari wa Uingereza, kilikuwa Misri, eneo la Mfereji wa Suez. Kililetwa kwa ndege za usafirishaji hadi uwanja wa Eastleigh jioni ya tarehe 20. Vikosi vya KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) kutoka Uganda na Tanganyika vilisogezwa, na manowari HMS Kenya ikapelekwa Mombasa ionekane. Tamko likasainiwa jioni hiyo hiyo, na usiku wa manane Operesheni Jock Scott, yaani ule ukamataji, ikaanza. Kufikia siku iliyofuata zaidi ya watu 100 walikuwa wameshikwa, Jomo Kenyatta akiwa mmoja wao. Yeye alisafirishwa mbali kaskazini, Lokitaung.

Angalia pia nani alimwamuru nani. Jeshi la Afrika Mashariki wakati huo lilikuwa chini ya kamandi ya Mashariki ya Kati, na gavana alikuwa amiri jeshi kwa jina. Mkanganyiko huo haukutatuliwa hadi Juni 1953, Jenerali George Erskine alipokuja na kamandi ya Afrika Mashariki ikaanza kuripoti London moja kwa moja. Baraza la Vita, lenye gavana, naibu wake, jenerali na mwakilishi wa walowezi Michael Blundell, likaundwa Machi 1954. Hesabu mwenyewe: miezi 17 tangu tamko ndipo kukawa na meza moja ya kuamulia.

Mwanagenzi
Asanteni sana wakuu. @Kombania_B, kama ukamataji ulikwenda vizuri hivyo, kwa nini mpango unahesabiwa umeshindwa? Msimamizi atauliza.

Binti_Kirinyaga
Kwa sababu orodha ilikuwa ya watu wanaojulikana. Tawi la upelelezi la polisi, Special Branch, lilikuwa dogo, limejikita Nairobi na Mombasa, na lilikuwa na maofisa wachache mno wanaosikia Kikikuyu. Taarifa zake zilihusu mikutano ya hadhara na magazeti, kwa hiyo orodha ikajaa viongozi wa KAU (chama cha Kenya African Union), watu wa majukwaani. Waliokuwa wakiendesha viapo na kukusanya silaha kwenye vitongoji vya Nairobi hawakujulikana kwa majina. Mpango uliwaondoa wale walioweza kuzungumza na kujadiliana, uwanja ukabaki kwa walioamini bunduki.

Dhana nzima ya mpango ilikuwa kwamba ukikata kichwa mwili utakufa. Matokeo yake yako wazi: mwishoni mwa Oktoba mlowezi wa kwanza aliuawa baada ya tamko, Januari 1953 ikauawa familia ya walowezi ya Ruck, na usiku wa 26 Machi 1953 vijiji vya Lari na kituo cha polisi cha Naivasha vikavamiwa kwa pamoja. London ilianza kujenga upelelezi baada ya kukamata. Percy Sillitoe, mkuu wa MI5 (idara ya usalama ya Uingereza), alifika Nairobi Novemba 1952 kushauri namna ya kuupanga upya. Mfuatano huo umegeuka kichwa chini, miguu juu.

Na usiishie kwenye vyeo na vikosi. Pima mpango kwa ulichowafanyia watu. Operesheni Anvil, 24 Aprili 1954, ilipangwa vizuri zaidi: takriban askari na polisi 25,000 waliuzingira mji wa Nairobi, mtaa kwa mtaa, na zaidi ya watu 20,000 wakapelekwa vizuizini. Kambi za Manyani na Mackinnon Road ziliandaliwa mapema. Lakini maji safi na vyoo havikulingana na idadi ya watu, na mwaka huo huo Manyani ikapata mlipuko wa homa ya matumbo. Waliopanga walihesabu malori na waya za seng'enge kwa uangalifu kuliko walivyohesabu matundu ya choo. Hilo nalo ni sehemu ya mpango, liandike.

MzeeWaMasjala
Umenena vyema dada. Sasa faili. Mwanagenzi, za Uingereza ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London. Anza na zile usizohitaji kusafiri: CAB 128 ni kumbukumbu za vikao vya Baraza la Mawaziri, CAB 129 ni nyaraka zilizowasilishwa humo. Zote zimewekwa mtandaoni, kupakua ni bure. Humo utapata uamuzi, ila hutapata ubishi.

Ubishi uko CO 822, mawasiliano ya Wizara ya Makoloni na Afrika Mashariki. Ukitaka mizizi ya kabla ya 1951, nenda CO 533. Upelelezi na usalama CO 1035, polisi CO 1037, jeshi la Afrika Mashariki WO 276.

Namna ya kulisoma jalada: usikimbilie barua zenye nembo. Soma kwanza karatasi za madokezo, ambako ofisa wa chini anapendekeza, wa juu yake anakataa au anaongeza mstari, mpaka linafika kwa waziri. Nakili herufi za sahihi na tarehe ya kila dokezo, kisha tafuta majina kwenye orodha ya watumishi ya mwaka ule. Dokezo likikaa mezani siku 12 bila mtu kuligusa, hizo siku 12 ni ushahidi. Na ukiona telegramu yenye neno "Saving" juu yake, jua haikupita kwenye waya. Ilikwenda kwa mfuko wa barua. Usiihesabu kama habari ya dharura, hata kama maneno yake ni makali.

Jalada_Jekundu
Ongezea FCO 141. Hizi ni faili zilizotolewa kwenye makoloni kabla ya uhuru na kufichwa miaka mingi. Za Kenya ni takriban 1,500, zilisafirishwa mwaka 1963 kwenye maboksi kama 300. Serikali ya Uingereza ilikiri kuwa nazo mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walipoishtaki mahakamani London kwa mateso ya enzi hizo, na Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228.

Zisome kwa tahadhari, maana zilichujwa. Kuanzia 1961 maelekezo yalikuwa kwamba nyaraka zinazoweza kuiaibisha serikali zisikabidhiwe kwa serikali mpya. Jalada lililopigwa muhuri wa W lilisomwa na maofisa Waingereza wenye asili ya Ulaya tu. Yaliyoamuliwa kuangamizwa yalichomwa, na majivu yakavunjwavunjwa. Kwa hiyo ukikuta namba za majalada zinaruka, mathalani la 4 halafu la 7, liandike pengo hilo kwenye tasnifu pamoja na namba zake. Usilijaze kwa kukisia.

Kabla hujakata tiketi, waandikie Kew uulize FCO 141 inasomwaje kwa sasa. Mwaka 2022 waliiondoa kwa muda kwa hofu ya dawa ya wadudu iliyopulizwa zamani kwenye karatasi. Kadi ya msomaji ni bure, unahitaji kitambulisho na uthibitisho wa makazi. Penseli tu, kamera inaruhusiwa bila mwanga. Piga picha ya jalada la nje kwanza, kisha kurasa, la sivyo ukirudi nyumbani utakuwa na mamia ya picha zisizojulikana zimetoka faili gani.

Kombania_B
Usiruke Nairobi mkuu. Nyaraka za Taifa za Kenya ziko Moi Avenue, na kwa mtafiti unahitaji kwanza leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Omba ripoti za ma-DC (wakuu wa wilaya) na ma-PC (wakuu wa mikoa) za Mkoa wa Kati, mwaka 1950 hadi 1952. Linganisha alichoandika DC wa Fort Hall (Murang'a ya leo) au Nyeri na kilichofika CO 822. Mara nyingi onyo lililokuwa kali wilayani linafika London likiwa limelainishwa mara mbili: mara moja kwa PC, mara ya pili Ikulu ya gavana. Chukua onyo moja tu, lifuate ngazi kwa ngazi hadi mezani kwa Lyttelton, na hiyo peke yake inatosha kurasa 15 za sura ya pili.