Mjadala: Je, TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo) na NIMR Mbeya (kituo cha utafiti wa afya) wapimwe kwa idadi ya kunukuliwa?

Mchangiaji, Forest Mbeya:
Wakuu, fedha za utafiti zifuate makala na nukuu zake, yaani mara ambazo makala nyingine zimezitaja. Kazi isiyochapishwa inaozea kwenye mafaili. Kipimo kipo: h, namba moja inayojumlisha makala na nukuu, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Panga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha shuka hadi namba ya mstari izidi nukuu; h ni namba ya mstari wa mwisho kabla ya hapo. Makala tano zenye nukuu 40, 12, 6, 4 na 2 zinatoa h ya 4. Ile ya 40 hata ikifika 400, h inabaki 4, hivyo makala moja haikibebi kituo kizima.

Mchangiaji, Uyole:
Mkuu, hesabu yako ni sahihi, ila unahesabu nini? Anza na jina. Kituo hiki kimeandikwa Uyole Agricultural Centre, baadaye ARI Uyole, na baada ya sheria ya 2016, TARI Uyole. Ukiingiza jina moja tu kwenye Scopus, hifadhidata ya makala na nukuu, kazi za miaka mingi zinabaki nje. Ingiza majina yote na tahajia zake, unganisha orodha, ondoa zinazojirudia kwa kufuata DOI (namba ya utambulisho ya kila makala), ndipo uhesabu.

Halafu NIMR Mbeya wanafanya tafiti za VVU na kifua kikuu na washirika wengi. Makala ya taasisi 50 yenye nukuu 500: bila kugawa, kila taasisi inajiandikia 500, ukigawa sawa, 10. Na wanaoandika kuhusu kifua kikuu duniani ni wengi kuliko wa maharage tunayotafiti Uyole, kwa hiyo nukuu zao lazima ziwe nyingi. Maharage yalinganishwe na maharage, ya mwaka uleule. Mama anayepima kilo mbili za mbegu ya maharage ya Uyole 96 sokoni haandiki rejea, na kazi imemfikia!

Mchangiaji, Mafinga:
Kuhusu jina na mgawanyo niko nawe, ndugu yangu wa Uyole. Mbegu peke yake kuwa ushahidi, hapo nakataa. Aliyeko Njombe atajuaje ilijaribiwa mwinuko gani, kwa mbolea kiasi gani, na ilishambuliwa na kutu au haikushambuliwa? Hayo yanakaa kwenye makala. Ila dirisha la kuhesabu nukuu za miaka miwili, linalotumika kupima majarida, ni fupi mno kwa kilimo. Jaribio lenyewe linakula misimu kadhaa. Tuhesabu miaka mitano, tuondoe nukuu za mtu kujinukuu mwenyewe, na data za mashamba yaliyofeli zichapishwe pia. Hizo za kufeli ndizo ninazozidai kwanza.