Naomba ushauri: Ross Barnes nimpange wapi?
Habari wakuu. Naandaa orodha ya wapigaji bora wa mwanzo wa besiboli ya kulipwa Marekani, na Ross Barnes wa Chicago ananinyima usingizi. Mwaka 1876, msimu wa kwanza wa ligi ya National League, aliongoza kwa wastani wa kupiga (mapigo yaliyofanikiwa ukigawa kwa zamu za kupiga) wa 0.429. Ila sheria ilimbeba: mpira ukidunda kwanza ndani ya mstari kisha ukatokea pembeni, ulikuwa halali, na yeye alikuwa fundi wa kuuchepusha hivyo. Sheria ikabadilishwa 1877, akashuka hadi 0.272, ingawa mwaka huo aliugua pia. Kwangu mimi ule ni ufundi halisi. Je, nimweke juu ya Hugh Duffy wa Boston, aliyepiga 0.440 mwaka 1894? Wajuzi wa takwimu, mnalinganishaje misimu yenye sheria tofauti?