Tupeane uzoefu: ushauri wa malezi na msaada wa familia ulio karibu nawe, uligonga mlango gani?

Mama K

Habari za wakati huu wakuu. Niende moja kwa moja bila kuwachosha.

Nina wawili, mkubwa ana miaka mitatu. Hasira zake siku hizi zimenishinda. Akinyimwa kitu anajitupa chini, analia mpaka pumzi inakata, midomo inageuka rangi, halafu analegea kidogo kabla ya kuzinduka. Nikiomba ushauri kila mtu ana dawa yake, na dawa zenyewe zinapingana. Huyu anasema mchape, yule anasema mpuuze, mwingine anasema mbembeleze.

Naambiwa huduma zipo: kliniki, ustawi wa jamii, shuleni, vikundi vya wazazi. Sawa, zipo. Lakini hakuna anayekuambia uingilie wapi, na ukishafika mapokezi useme nini. Naomba tupeane uzoefu kwa waliopita huko. Ulianza kwa nani, ulimwambia nini, ukapata nini. Kama uliambulia patupu, sema ilikuwaje. Tusitaje majina ya watoto wala ya watumishi tafadhali.

Pacha Wangu

Pole dada. Mimi nilianzia kliniki, hiyo hiyo ya chanjo na uzito. Siku ya kliniki unaijua: foleni, mtoto mizanini, kadi inajazwa, "anayefuata!" Ukingoja uulizwe kama una swali utangoja sana. Nikawa naandika maswali nyumbani kwenye kipande cha karatasi, nakikunja na kukiweka ndani ya kadi, palepale kwenye mchoro wa uzito. Nesi akifungua kadi anakutana nacho kabla ya kitu kingine, na hawezi kuandika kilo bila kukiondoa.

Nilikuwa nimeandika kwamba watoto hawalali na wanalia mno. Akasoma, akaacha kuwatazama watoto akanitazama mimi. Akasema nisubiri foleni iishe. Baadaye akanipa karatasi yenye maswali 10 nijaze mwenyewe, yote kuhusu nilivyojisikia kwa siku saba zilizopita: kama bado nacheka, kama najilaumu bila sababu, kama nashindwa kulala hata watoto wakilala. La mwisho linauliza kama nimewaza kujidhuru. Hilo ndilo lililonitoa machozi, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Nimekuja kujua kuwa kile ni kipimo cha Edinburgh, kipo tangu 1987 na kinatumika nchi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua duniani hupata tatizo la afya ya akili, zaidi sonona. Nilikwenda kuwaombea watoto msaada, nikatoka na rufaa yangu mimi. Na watoto walipunguza kulia nilipoanza kupata nafuu, sijui nani alimfuata mwenzake.

Mkongwe

Wanangu, mnasumbuka bure. Sisi tulilea bila karatasi za maswali. Bibi yupo, shangazi yupo, jirani yupo. Ofisi ya nini kumtuliza mtoto?

Mhudumu wa Jamii

Mkongwe, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, kazi yangu ni kuingia nyumba za watu. Bibi simpingi hata kidogo, maana ndiye anayebaki na mtoto mama akienda kuoga. Ila bibi huyo huyo ndiye namkuta akimpa mtoto wa mwezi mmoja maji "kwa sababu ana kiu", wakati miezi 6 ya kwanza maziwa ya mama pekee yanatosha, na maji yamo humo humo. Ndiyo maana nikifika nyumbani naomba bibi naye akae tuzungumze wote. Nikimwelekeza mama peke yake, nikishatoka tu mambo yanarudi yalivyokuwa.

Mama K, hilo la pumzi nilitolee neno. Kulia hadi pumzi ikakata na mtoto akalegea kunatokea kwa watoto wadogo wengi, hasa kati ya miezi 6 na miaka 6, na kwa kawaida huisha kwenyewe anapokua. Mtoto hafanyi makusudi. Lakini usianze na mshauri wa malezi. Anza na daktari au tabibu, kwa sababu mbili. Kwanza, ahakikishe si kifafa wala moyo. Pili, upungufu wa madini ya chuma mwilini unahusishwa na hali hiyo, na kipimo chake ni cha damu tu. Wapo watoto ambao hali hupungua wakishatibiwa upungufu huo. Ukiweza kumrekodi kwa simu mtu mwingine akiwa amemshika, mrekodi. Daktari akiona sekunde chache za video anapata picha ambayo maneno hayatoi.

Na ukifika mapokezi usiseme "mtoto wangu ni mkorofi." Ukisema hivyo utapewa pole na nasaha. Sema anafanya nini, tangu lini, mara ngapi kwa wiki, na kinachotangulia ni nini. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayoandikwa kwenye faili.

Mkongwe

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye maji umenigusa, ila nimekuelewa.

Mtulivu

Naunga mkono suala la kuanza na mwili kabla ya tabia. Wangu mimi aliyenifungua macho ni mwalimu wa chekechea. Nyumbani tulikuwa tunasema mtoto ana kiburi, unamwita hageuki. Mwalimu akaniambia, "Mama, mimi nina darasa zima mbele yangu. Watoto wenye kiburi wanageuka kwanza, halafu ndio wanakataa. Wa kwako hageuki." Akaniomba nimwite nikiwa nyuma yake, kwa sauti ya kawaida, nisikanyage kishindo.

Tulipopimwa ikakutwa kuna ute umejaa nyuma ya ngoma za masikio yote mawili. Ni jambo la kawaida sana kwa watoto wadogo, haliumi, kwa hiyo mtoto halalamiki. Anasikia kama aliyezama kwenye maji. Fikiria miezi yote ile tunamgombeza mtoto asiyetusikia!

Mwalimu ana faida moja ambayo sisi wazazi hatuna. Mzazi anamwona mtoto mmoja au wawili, mwalimu anawaona wengi wa umri mmoja kila siku. Muulize swali hili: "Kati ya wenzake, kipi kinachokushangaza kwake?" Ukimuuliza "anaendeleaje" atakujibu "anaendelea vizuri" kwa adabu, mtaagana.

Baba Mlezi

Akina baba tupo humu au niko peke yangu?

Mimi nimelea mwenyewe tangu tulipotengana na mwenzangu. Kliniki swali la kwanza lilikuwa "mama yake yuko wapi?" Sikukasirika, maana hata bango la mlangoni linasema mama na mtoto. Nikajifunza kujibu kwa utaratibu: "Mlezi wake ni mimi, naomba niandikwe mimi, na namba ya simu iwe yangu." Hilo la namba msilidharau. Kabla ya hapo kila taarifa ya miadi ilikuwa inakwenda kwa mtu ambaye haishi na mtoto.

Mlango ulionisaidia zaidi ni ustawi wa jamii. Niliuogopa kwa muda mrefu. Kuna imani kwamba ukiingia ofisi ile ukakiri umechoka, wanakuja kumchukua mtoto. Kwangu haikuwa hivyo. Afisa alituita wote wawili, akatoa daftari, akachora wiki nzima kwa rula: nani anampeleka shule, nani anabaki naye akiugua, likizo atakuwa kwa nani, ada na matibabu analipa nani. Tukatia saini. Tulikuwa tumeshindwa kuelewana kwa sababu kila tulipokutana tulikuwa tunajadili ya nyuma. Yule afisa alikataa kabisa kusikiliza ya nyuma. Kila mmoja wetu alipoanza "lakini yeye ndiye…" alinyanyua rula akasema "Jumanne."

Kwa wanaoona aibu kwenda: Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 18, unasema wazazi wote wawili wana wajibu wa pamoja wa malezi, na serikali inapaswa kuwapa msaada unaofaa. Siendi pale kuomba hisani.

Njia Panda

Mimi nilipigwa, niseme tu ili mwingine asipigwe. Kuna "mtaalamu wa malezi" nililetewa na rafiki, akaahidi mtoto atabadilika ndani ya siku chache. Hakuuliza umri wake vizuri, hakuuliza kama amewahi kuugua, akaanza kunipa masharti. Malipo yote kwanza. Halafu nikakuta picha ya mwanangu kwenye tangazo lake.

Siku hizi kabla sijatoa hata senti nauliza: umesajiliwa wapi, ninayokwambia yanaandikwa wapi na nani anayaona, na jambo likikuzidi unanipeleka kwa nani? Hilo la mwisho ndilo linalowachuja. Mtaalamu wa kweli anajua mpaka wake na anakutajia mtu. Tapeli hana mtu wa kukupeleka, kwa sababu kwake hakuna kinachomzidi.

Mzazi wa Kijana

Mada nzuri, ila naona wote mnazungumzia wadogo. Mtoto akishavuka miaka mitano kliniki inaisha, kadi inatupwa kabatini, halafu anafika kumi na minne unajikuta huna pa kwenda. Shuleni mwalimu wa ushauri nasaha yupo, lakini ndiye huyo huyo anayefundisha na kuadhibu, kijana hawezi kumfungukia.

Nilichofanya ni kupiga simu ya huduma kwa mtoto. Wengi wanadhani ni ya kuripoti ukatili tu au ya watoto peke yao. Mzazi naye anapiga. Nchi kadhaa za Afrika, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo, zinatumia namba 116 na haitozwi. Ulaya ni 116 111. Nilipiga usiku nikiwa nimefura, binti hajarudi. Mshauri hakunihukumu wala hakumhukumu yeye. Aliniuliza, "Akiingia sasa hivi, sentensi yako ya kwanza itakuwa ipi?" Nikamwambia. Akanyamaza, akasema, "Naomba tuitafute nyingine." Tukaitafuta.

Kesho yake walinielekeza kituo cha afya chenye huduma rafiki kwa vijana, ambacho hata sikujua kama kipo. Wana siku yao na chumba chao, kijana haketi foleni moja na majirani zake. Binti alikubali kwenda kwa sababu hiyo tu.

Hatua Ndogo

Wa kwangu ana usonji. Ofisi zilinipa vyeti na rufaa, nashukuru. Lakini nani anaelewa shule ipi inampokea mtoto asiyeongea, nani anaweza kukushikia mtoto saa mbili ukalala, haya nilipewa kwenye korido ya mazoezi ya viungo na mama aliyekuwa anasubiri zamu kama mimi. Alikuwa na namba zote kwenye daftari limechakaa. Kama una mtoto mwenye mahitaji maalumu, wahi mapema siku ya miadi na usikae na simu yako pembeni. Kaa na wenzako.

Pia ulizeni kama kuna mafunzo kwa walezi. Shirika la Afya Duniani lina programu ya familia zenye watoto waliochelewa kukua kimaendeleo: vikao 9 vya kikundi na ziara 3 nyumbani. Mkufunzi anapokuja nyumbani anakuta mnavyoishi kweli, siyo mnavyojieleza. Wa kwangu alinionyesha jinsi ninavyomalizia kila kitu kabla mtoto hajajaribu kuomba. Tukaanza na mlango: nashika kitasa, nangoja, namtazama. Alipogusa mkono wangu kuomba nifungue, hayo yalikuwa mawasiliano.

Tahadhari moja. Semina ya siku moja yenye hotuba na vyeti siyo mafunzo. Tafuteni panapokuwa na vikao vinavyofuatana, na kazi ya kujaribu nyumbani kati ya kikao na kikao.

Mama K

Asanteni sana, sikutegemea haya. Nimeanza na tabibu, damu imechukuliwa, na video nimeipata kwa msaada wa mdogo wangu. Swali: sisi tunaotoka kazini jioni tunafanyaje? Ofisi zote zinafungwa kabla sijapanda gari.

Mhudumu wa Jamii

Piga simu, usiende. Uliza vitu viwili: kama kuna siku wanayochelewa kufunga au Jumamosi wanayofungua, na kama mazungumzo ya kwanza yanaweza kufanyika kwa simu. Ile ya kwanza mara nyingi ni ya kuchukua maelezo tu, inawezekana hata ukiwa mapumziko ya mchana. Na kama mdogo wako ndiye anayemleta mtoto, mwandikie barua fupi yenye jina lako, namba yako na sahihi, kwamba umemruhusu amlete na asikilize majibu kwa niaba yako. Bila barua hiyo vituo vingi havitamwambia kitu, na hawakosei.

Baba Mlezi

Na aandikwe kwenye kadi.