Mjengo umemaliza nyasi ya mama, naomba ushauri

Binti_Kisauni: Assalaam aleikum. Tumejenga vyumba viwili nyuma ya nyumba, Kisauni. Malori ya kokoto yameingia miezi mitatu, uwanja uliokuwa kijani sasa ni upara. Maji yakimwagwa yanasimama tu. Niweke mbolea gani nyasi irudi ndani ya wiki sita?

BabuLikoni: Mwanangu, ardhi iliyoshindiliwa haiponi kwa mbolea. Chimbua kwa sululu kina cha sentimita 15 hadi 20, changanya samadi iliyooza, halafu ungoje masika. Aprili na Mei mvua itakusaidia.

Tudor_Ndani: Baba alinipeleka Haller Park, ile bustani ya miti na wanyama ya Bamburi, nikiwa mdogo. Pale palikuwa machimbo, jiwe tupu! René Haller alianza kupanda miti 1971, mivinje ikashika, majani yakaanguka, majongoo wakayala mpaka udongo ukapatikana. Usikate tamaa.

Shamsa77: Dada, zege lilichanganyiwa wapi?

Binti_Kisauni: Juu ya nyasi. Mabaki nilimwambia fundi ayafukie kwa udongo mwekundu. Mama yuko Muscat kwa kaka, hajui kama tumejenga. Lakini nimeshalipa amana ya nyasi ya Kikuyu kutoka Limuru, itatandikwa juu. Ni nzuri, nimeiona.

BabuLikoni: Umeiona kwenye baridi. Ile ni nyasi ya milimani. Yetu ni ya Pemba, inavumilia chumvi na kivuli.

Mkweli_Daima: Mama hafichwi jambo. Halafu hii hadithi imetungwa. Miezi mitatu ya mjengo, na hakuna jirani hata mmoja aliyepiga simu Muscat? Kisauni hii hii?

Binti_Kisauni: Wallahi si hadithi. Majirani niliwaomba nyumba kwa nyumba. Vyumba ni vya kupangisha, apate kodi yake aache kuamkia mahamri saa tisa usiku. Leo nimechukua mtaimbo nikafukua. Shibiri moja chini ukalia ngé! Nimeinua bamba la zege pana kama sinia. Upande wa chini majani ya nyasi yameacha alama, kila mshipa unaonekana. Nimelia.

Shamsa77: Pole mpenzi. Yatoe yote, pamoja na udongo wa kijivu ulioyazunguka. Simiti ina chokaa, na ardhi yetu ya matumbawe tayari imejaa chokaa; nyasi itageuka manjano. Ile ya zamani haikubaki popote?

Binti_Kisauni: Chini ya mkilifi, karibu na mfereji. Kama upana wa mkeka mmoja.

BabuLikoni: Basi mbegu unayo. Kata vipande vyenye vifundo viwili vitatu, panda kila baada ya shibiri, mwagilia alfajiri. Maji ya kisima yakiwa na chumvi yaache kwanza. Wiki sita hazitafunika uwanja, ila mama ataikuta inatambaa.

Binti_Kisauni: Mtu wa Limuru amekataa kurudisha amana. Mabamba kumi na moja yametoka. Mkokoteni unakuja saa kumi.