Kundi: KIHAMBANI KWA MAMA 🙏

Da Mkubwa, 19:02
Bwana Yesu asifiwe nyote. Nakumbusha kwa mara ya TATU. Ibada ya shukrani ya Mama ni Jumamosi tarehe 27 Desemba, saa 4 kamili asubuhi, siyo ile saa 4 ya kina Kaka. Fundi anachonga jiwe la kaburi kesho. Mchungaji anataka historia kabla ya Ijumaa. Rasimu hii hapa:

"Mama alizaliwa Machame mwaka 1933. Alibatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu na Baba 1955. Walijaliwa watoto 7, wajukuu 31 na vitukuu 12. Alikuwa mzee wa kanisa, pia mwenyekiti wa wanawake wa mtaa wetu miaka 18. Alimheshimu mumewe na kumcha Mungu. Alilala katika Bwana akiwa na miaka 91."

Da Mkubwa, 19:40
Naona mmesoma watu 19. Mmekuwa bubu?

Kitinda Mimba, 19:44
Dada, cheti cha ubatizo kinasema 1935.

Da Mkubwa, 19:46
Cheti kiliandikwa kwa kukisia. Babu alikuwa anamwita mtoto wa ushirika, kazaliwa mwaka KNCU, ule ushirika wa wakulima wa kahawa, inaanzishwa. Hiyo ni 1933, kaulize popote.

Mjukuu Dodoma, 19:47
Kumbe Bibi naye alijipunguzia 😂

Shemeji Boma, 19:49
Ni ya ukoo hiyo. Da Mkubwa kazaliwa usiku ule Mwenge unapandishwa mlimani, 1961, nchi nzima inajua. Kamuulize benki, atakuambia 1966 😂😂😂

Da Mkubwa, 19:50
Shemeji, jiwe linachongwa KESHO.

Kitinda Mimba, 19:58
Historia kavu mno. Iko wapi ya kuku? Sikukuu ya mavuno Mama kapeleka tetea wake kanisani. Mnada umeanza pale nje, yeye ndiye anayepandisha dau, hadi akamnunua mwenyewe kwa bei ya kuku wawili. Anarudi naye kwapani, "huyu anataga kila siku, nilitaka tu Bwana amwone."

Shemeji Boma, 19:59
Na yule tetea alikufa kwa uzee, hatukuruhusiwa hata kumtazama vibaya

Kitinda Mimba, 20:03
Na zile bahasha mbili. Miaka yote Baba ametengwa na kanisa, Mama alipeleka bahasha yake na ya Baba kila Jumapili. Mzee wa zamu anajua, anapokea, anakaa kimya.

Da Mkubwa, 20:04
Habari za kutengwa haziingii kwenye historia. Baba alitubu akarudi kundini, imeisha.

Mjukuu Dodoma, 20:06
_Ujumbe huu umefutwa_

Dada wa Korogwe, 20:31
Habari za jioni ndugu zangu. Watoto 7?

Shemeji Boma, 20:38
Jamani mchango wa nyama umefikia wapi? Mimi mbuzi wangu yupo ila ana kelele kuliko mpangaji

Dada wa Korogwe, 20:41
Nimeuliza tu. Mwaka jana walipoitwa watoto wa marehemu waweke shada, mimi jina langu lilisomwa baadaye, pamoja na majirani. Nikaliweka. Sikusema neno.

Da Mkubwa, 20:45
Mdogo wangu, hakuna aliyekutupa. Lakini hii ni historia ya Mama, siyo ya Baba. Mama ndiye aliyekuzaa?

Kitinda Mimba, 20:45
Dada!!!

Da Mkubwa, 20:49
Wewe hukuwa umezaliwa, nyamaza. Usiku Baba alipomleta kutoka stesheni ya Moshi nilikuwa na miaka 10. Mama alikaa jikoni mpaka jogoo wanawika, anachambua maharage yaliyokwisha kuchambuliwa. Nilikuwa naye mimi. Sikuhadithiwa.

Mama Mdogo Machame, 21:02
🎤 Sauti, 1:48

Mjukuu Dodoma, 21:04
Niko kwenye daladala, simu haisikiki. Bibi Mdogo kasemaje?

Kitinda Mimba, 21:15
Naandika kama alivyosema:

"Wanangu, mimi kuandika humu siwezi. Nimesomewa, nikasikia mnahesabu. Dada yangu alikuwa anagawa sadaka ya watoto mlangoni, kila mtoto sumuni yake, zile za sungura. Mimi ndiye niliyekuwa nampitia twende kanisani. Nimemwona akifungua pindo la khanga Jumapili na Jumapili. Zilikuwa nane. Siku moja ikapungua moja, akanikopa mimi. Hakumwambia huyu wa Korogwe abaki nyumbani na mbuzi. Maharage alichambua, ndiyo. Asubuhi alimwogesha mtoto. Hilo la asubuhi mbona halisemwi? Basi. Na mtu aje na jani la masale, kuna wa kuombwa radhi. Msinijibu kwenye simu."

Shemeji Boma, 21:21
Shikamoo Mama Mdogo.

Mjukuu Dodoma, 21:30
😢

Da Mkubwa, 22:47
Mama Mdogo, nimesikia.

Da Mkubwa, 22:52
Nimempigia fundi. Achonge jina na 1933. Mstari wa watoto auache kwanza.

Kitinda Mimba, 22:53
Auache mpaka lini? Na historia ya Mchungaji?

Da Mkubwa, 22:53
Auache, nimesema. Nenda kalale.

Dada wa Korogwe, 22:58
Nitakuja na mchele kilo 50. Nafika tarehe 26 jioni. Nani atanipokea stendi?

Kaka Mkubwa Mwanza, 05:14
Ndiyo nafungua simu. Amani kwenu. Jiwe gani tena linachongwa? Na mbuzi ni wangapi mpaka sasa?